SANDWICHI BILA NYAMA: UTASHIBA VIPI NA MKATE USIO NA POLONI?

 

Leo tuzungumzie mkate, ule tunaobeba kwenda nao kazini. Kila ninapowaambia akina mama wajawazito au wazee wetu wenye presha wapunguze poloni na soseji, swali linalofuata ni lilelile: "Sasa dada, nitakula nini na mkate?" Wengine wanafika kwenye swali hilo kwa njia nyingine. Ndugu zetu Waislamu mara nyingi hawana uhakika kama nyama ya dukani ni halali. Waadventista wengi hawali nyama kabisa. Wapo wanaofunga Kwaresima, na wapo ambao ikifika tarehe 20 ya mwezi, mfuko wenyewe ndio unaowakataza nyama. Malalamiko yao ni mamoja: sandwichi ya mboga haishibishi. Unakula saa moja asubuhi, saa nne tumbo linanguruma, na hapo nje ya geti kuna mama anauza kota.

Nakubaliana nao kabisa. Slesi mbili zenye nyanya na tango haziwezi kumshibisha mlinzi wa zamu ya saa 12, wala dada anayesafisha nyumba nzima ya ghorofa. Lakini tatizo si kwamba nyama haipo. Tatizo ni kwamba nyama imetolewa na mahali pake hapakuwekwa kitu.

KWA NINI NAISEMA SANA POLONI

Kwa mgeni ambaye hajaijua: poloni ni ile nyama laini ya rangi ya waridi inayouzwa kama gogo na kukatwa vipande vya duara. Ni rahisi, haihitaji kupikwa, na watoto wanaipenda. Ndani ya kota, ile robo ya mkate iliyochimbwa na kujazwa chipsi na achari, haikosekani.

Nadhani wengi wenu mlikuwepo hapa mwaka 2017 na 2018. Kwa walioingia baadaye, nitaeleza. Katikati ya mwaka 2017 madaktari wa hapa Gauteng walianza kuona vichanga wengi kuliko kawaida wakiugua ugonjwa unaoitwa listeriosisi, unaoletwa na bakteria aitwaye listeria. Kwa miezi mingi hakuna aliyejua unatoka kwenye chakula gani. Ndipo Januari 2018 watoto tisa wa chini ya miaka mitano, wote wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto, wakaletwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuharisha. Wachunguzi wakaenda mpaka kwenye friji ya kituo na kuchukua poloni iliyokuwamo. Ufuatiliaji ule ndio uliowafikisha kwenye kiwanda kimoja huko Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Dkt. Aaron Motsoaledi, akawatangazia wananchi waache kula poloni na nyama nyingine za kusindika zilizo tayari kuliwa. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Septemba 2018, wagonjwa zaidi ya 1,000 walikuwa wamethibitishwa na zaidi ya 200 walikuwa wamekufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walitoka mkoa wetu huu wa Gauteng. Ndio mlipuko mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo iliyowahi kurekodiwa duniani.

Takribani wanne kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa watoto wachanga wa siku 28 au chini. Kichanga hali poloni. Alikula mama yake, na bakteria wakapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Mama mwenyewe huenda alihisi mafua tu na maumivu ya mgongo. Huyu bakteria ana tabia mbili mbaya: anaendelea kuongezeka hata ndani ya friji, na anaweza kukaa mwilini mpaka siku 70 kabla ugonjwa haujajitokeza. Kwa hiyo mama hakumbuki tena alikula nini.

Tangu wakati huo kanuni za viwanda zimekazwa, na sisemi kwamba kila kipande cha poloni cha leo kina sumu. Ninachosema ni kwamba mjamzito, mzee wa miaka 65 na zaidi, mwenye kisukari, mwenye saratani na yeyote ambaye kinga yake imeshuka asile nyama hizi zikiwa baridi. Akizitaka sana, azipashe mpaka zitoe mvuke.

Kwa sisi wengine jambo ni chumvi na mazoea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Mkate wenyewe una chumvi, poloni ina chumvi, achari ina chumvi, na presha kwa watu wetu wa miaka arobaini na kuendelea nadhani sihitaji kuieleza. Tena Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliziweka nyama za kusindika katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa uhakika kusababisha saratani. Wanasema gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takribani asilimia 18. Tafadhali msinielewe vibaya: si kwamba poloni inaua sawa na sigara. Ni kwamba ushahidi wake hauna shaka tena, na neno la kuangalia hapo ni "kila siku".

NJAA YA SAA NNE INATOKA WAPI?

Mkate mweupe ni wanga laini. Unavunjwavunjwa haraka tumboni, sukari inapanda kwenye damu, kisha inashuka, na njaa inarudi. Kinachochelewesha njaa ni vitu vitatu: protini, nyuzinyuzi na mafuta kidogo. Nyama inaleta protini na mafuta. Nyanya na tango ni karibu maji matupu, vinaleta utamu tu mdomoni.

Sasa angalieni. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 7 hivi, na nyuzinyuzi juu yake, ambazo nyama haina hata chembe. Vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga vina gramu 7 au 8. Ukiweka kimojawapo katikati ya slesi mbili, ambazo nazo zina protini kiasi, hiyo ni sandwichi ya mtu mzima. Parachichi, ambalo hapa linajaa sokoni kuanzia Machi mpaka majira ya baridi kutoka Limpopo, ni mafuta mazuri lakini protini yake ni ndogo. Lipake kama siagi, kisha weka kitu juu yake.

Na protini ya ngano ina upungufu wake, ya maharage ina upungufu wake, lakini kila moja inajaza pengo la mwenzake. Bibi zetu hawakusoma lishe ila walijua. Ndio maana tunakula wali na maharage, makande, chapati na maharage, mahamri kwa mbaazi za nazi. Mimi ni mtu wa Tanga, hilo la mwisho hamtanidanganya! Mahamri kwa mbaazi ni sandwichi isiyo na nyama, na hakuna mtu wa pwani aliyewahi kuamka nayo akalalamika njaa saa nne. Hata hapa Afrika Kusini, Wahindi wa Durban wana mkate wao uliochimbwa na kujazwa mchuzi wa maharage, na wenye kazi ngumu wanaula.

CHA KUWEKA KATIKATI

Nianze na mbaazi. Mbaazi kavu zinapatikana maduka ya Kihindi pale Fordsburg. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale (yanapunguza gesi tumboni), chemsha mpaka ziive. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu, nyanya moja na bizari, tia mbaazi, mimina tui kidogo tu, kisha acha moto mdogo ukaushe mchuzi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mbaazi za kula na mahamri zinatakiwa ziwe na rojo. Za sandwichi zikaushe mpaka kijiko kisimame, kisha ponda nusu yake na uache nusu nzimanzima. Kamua ndimu mwishoni. Zikipoa zinashika kwenye mkate bila kuvuja. Chungu kimoja kinatosha wiki nzima kama utagawa kwenye vikopo vidogo na kugandisha.

Maharage mekundu ni vilevile, ila nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni mwinuko. Johannesburg iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94 badala ya 100. Ndio maana wewe uliyetoka Dar au Mombasa unaona maharage ya huku "hayaivi". Si mabaya, yanataka muda zaidi au sufuria ya presha. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo: maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha vibaya, na haifi kwa moto mdogo. Yachemke kwa nguvu, mapovu juu, dakika 30, ndipo upunguze moto au uyaweke kwenye chombo cha kupika polepole. Maharage ya kopo hayana tatizo hilo kwa sababu yameshapikwa. Yasuuze kwa maji kwanza, yatoe chumvi.

Anayetoka zamu ya usiku hana nguvu za kuloweka kitu. Huyo nampa adesi, zile dengu ndogo nyekundu. Haziloweki, zinaiva ndani ya nusu saa hata kwa mwinuko huu. Pika na kitunguu, bizari nyembamba na pilipili, zikauke kabisa, paka kwenye mkate na ukwangulie karoti juu.

Mwingine asiye na muda atumie unga wa dengu. Koroga unga na maji uwe kama uji wa chapati za maji, tia kitunguu kilichokatwa vidogo, kotimiri, pilipili na chumvi chembe, kaanga kama kimanda pande zote mbili mpaka ukauke ndani. Kwa macho utadhani ni yai. Kwa wasiokula mayai hii ni neema. Kwa wanaokula mayai, chemsha yai mpaka kiini kiwe kigumu, hasa kwa mjamzito, ponda na mtindi mzito badala ya mayonezi, tia pilipili manga.

Kabichi ya chakalaka iliyobaki jana, iliyopikwa na maharage, nayo inafaa sana. Hiyo wenyeji wetu wametushinda, tuwasifu.

Siagi ya karanga ndiyo ya haraka kuliko zote, na ikiwa na ndizi mbivu iliyokatwa mtoto hatakataa. Nunua ile yenye karanga na chumvi tu, sukari haina kazi humo. Na iwe na jina la mtengenezaji na tarehe. Februari 2024 baadhi ya siagi za karanga ziliondolewa madukani hapa kwa sababu sumukuvu ilizidi kiwango, na kilichowezesha kuzifuatilia ni lebo. Karanga za kupima barabarani zenye ukungu au zilizosinyaa na kuwa chungu, tupa. Sumukuvu haiishi kwa kukaanga, na inaharibu ini.

Nyama ya soya ya pakiti sina ugomvi nayo, protini inayo. Lakini geuza pakiti usome chumvi. Nyingine zimetiwa viungo vya chumvi kiasi kwamba presha yako haitajua kama uliacha soseji.

MKATE WENYEWE NA BEI YAKE

Chukua wa brauni. Una pumba zaidi kuliko mweupe, ingawa haulingani na wa ngano nzima. Tena hapa Afrika Kusini mkate wa brauni, maharage makavu, dengu, mayai, mboga na matunda mabichi havitozwi VAT ya asilimia 15. Poloni inatozwa. Maharage ya kopo nayo yanatozwa, kwa hiyo mwenye muda wa kuchemsha ana faida. Tangu Oktoba 2003 unga wa mkate nchini hapa unaongezwa kwa lazima madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini kadhaa, hivyo usione mkate kama adui.

Kulowana ndiko kunakofanya watu waichukie sandwichi ya mboga. Paka siagi au parachichi pande zote mbili kwanza, mafuta yanazuia maji. Nyanya ibebe pembeni kwenye kikopo, ikatwe wakati wa kula. Weka kitu cha kutafuna, kama kabichi mbichi au karoti, kwa sababu chakula laini kitupu kinamezwa haraka na mwili hauhisi kwamba umekula. Na weka kitu kikali au kichachu: ndimu, pilipili, kachumbari, achari kijiko kimoja. Wengi wanaodhani wanakosa nyama wanakosa chumvi na ukali tu. Jaribuni mtaniambia.

KUIBEBA SALAMA

Mtu asiseme kwamba kwa kuwa hakuna nyama basi hakuna kuharibika. Maharage, mbaazi na mayai yaliyopikwa ni chakula cha bakteria kama nyama ilivyo. Yakishaiva yasikae juu ya jiko mpaka asubuhi. Yagawe kwenye vyombo vifupi yapoe upesi na yaingie friji ndani ya saa mbili, yaliwe ndani ya siku tatu. Kama kazini hakuna friji, na walinzi wengi hawana, andaa sandwichi iliyotoka baridi kwenye friji na uifunge pamoja na chupa ya maji iliyogandishwa. Mpaka saa sita maji yatakuwa yameyeyuka, unakula na kunywa. Siku ya joto kali bila barafu, beba siagi ya karanga, hiyo haina haraka.

CHAI, DAMU NA VITAMINI

Tunapenda sandwichi na chai ya rangi iliyokolea. Chai inazuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mkate. Mwanamume mzima mwenye damu ya kutosha hilo halitamsumbua sana. Lakini mjamzito, msichana anayepata hedhi nzito na mtoto, wanywe chai saa moja kabla au baada. Pamoja na mkate wale chungwa, pera, pilipili hoho mbichi au nyanya. Vitamini C inavuta chuma kiingie.

Anayeacha nyama, mayai na maziwa vyote kwa pamoja lazima atafute vidonge vya vitamini B12, maana mimea haina. Upungufu wake unakuja polepole, ganzi miguuni, uchovu, usahaulifu, na watu wanasema ni uzee. Na ninyi mnaotumia metformin kwa kisukari, dawa hiyo peke yake inapunguza B12 ikitumika miaka mingi. Kama umeacha nyama na unatumia metformin, mwambie daktari apime. Usiache dawa.

Mjamzito yeyote anayepata homa, hata kama ni kama mafua tu, aende kliniki siku hiyohiyo na aseme amekula nini. Najua kuna waliorudishwa getini kwa kukosa karatasi, na najua hofu iliyopo. Sheria ya afya ya taifa ya mwaka 2003 inampa mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka sita huduma ya bure katika vituo vya serikali, kama hana bima binafsi, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Gauteng iliamuru kwamba haki hiyo haiangalii uraia wala karatasi. Nenda na mtu wa kukusindikiza, ukikataliwa geti moja nenda hospitali nyingine. Usirudi kulala na homa.

Mwisho ni watoto wa shule. Msimbadilishie mtoto ghafla, atatupa mkate chooni na atasema amekula. Anza siku mbili kwa wiki, siagi ya karanga na ndizi Jumatatu, yai Jumatano, na muulize kwanza mwalimu kama shule inaruhusu karanga, kwa sababu wapo watoto wanaodhurika nazo. Na maharage yaanze kidogokidogo, vijiko viwili, kwa watu wazima pia. Tumbo lisilozoea litakuaibisha kwenye teksi, na teksi za hapa mnazijua, madirisha hayafunguki.

Wasalaam,
Muuguzi wenu, Johannesburg